Uko au Umo

Matokeo ya mtihani wa kuzuia unyanyasaji wa kingono yalibandikwa Jumatano asubuhi, na aliyeongoza chuo kizima, wanafunzi na wafanyakazi pamoja, alikuwa Msajili. Mia kwa mia. Wanaume wote walifaulu, hata mlinzi wa geti aliyeanza kukoroma kwenye slaidi ya pili. Walioanguka walikuwa kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja walikuwa wanawake.

Usicheke, walianguka kihalali kabisa. Swali la tatu liliuliza: "Ukinyanyaswa na mkubwa wako wa kazi, utafanya nini?" Jibu la kwenye mwongozo lilikuwa: "Nitatoa taarifa ofisini kwa Msajili." Karani wa masijala, ambaye meza yake ilitazamana na mlango wa Msajili kwa miaka sita, aliandika: "Nitanyamaza, kama nilivyonyamaza mwaka jana." Akapata sifuri. Pembeni mkufunzi alimwandikia kwa mwandiko mzuri, "Jibu halimo kwenye mwongozo."

Mkufunzi hakuwa mtu mbaya, jamani. Alikuwa binti mpole aliyekuja na projekta yake na mwongozo wa kurasa tisini, aliouamini kuliko macho yake mwenyewe. Mwongozo ulisema walioanguka warudie mtihani Ijumaa, baada ya kufundishwa upya na yule aliyepata alama za juu kuliko wote. Ulisema pia kwamba atakayeanguka mara ya pili, mkataba wake hautaongezwa.

"Jibu wanavyotaka, mdogo wangu," dada yake karani alimwambia Ijumaa hiyo asubuhi, akimnyoosha kola ya blauzi. "Andika 'kwa Msajili', piga mstari, rudi nyumbani na kazi yako. Watoto wale utawalisha ukweli?"

"Nimesikia, dada."

Na kweli alisikia. Kazi aliitaka. Ila kila alipofikiria kuandika kwa mkono wake kwamba atampelekea Msajili mashtaka dhidi ya Msajili huyo huyo, hasira zilimpanda mpaka kifungo cha juu cha blauzi kikambana.

Sasa, lazima umjue Msajili. Alikuwa na ugonjwa wa kusahihisha. Wafanyakazi walimwita Kalamu Nyekundu, na hata jina hilo alilikuta limeandikwa vibaya kwenye mlango wa choo akalirekebisha. Aliwahi kusahihisha tangazo la msiba wa shemeji yake, waombolezaji wakiwa wamesimama nyuma yake wakingoja kulisoma. Karani ndiye aliyemwandikia barua zake zote, na alijua kwamba ukimwachia kosa moja tu kwenye ukurasa, chai yake itapoa mezani.

Swali la mwisho la marudio lilitaka mfano mmoja wa unyanyasaji kazini, wenye siku, mahali na tendo. Mfano wa mwongozo ulihusu mtu asiyejulikana aliyempigia mluzi mfanyakazi barabarani. Ukiandika mwingine, sharti uthibitishwe mbele ya darasa, la sivyo sifuri. Karani alipiga moyo konde. Aliandika wa kwake, na akautia makosa kwa makusudi.

Mkufunzi aliusoma kwa sauti, Msajili, ambaye ndiye aliyewafundisha upya, akiwa amesimama kando yake na kalamu mkononi.

"Jumanne moja, bosi wa ofisi fulani alimwita karani wake kwenye chumba cha mafaili. Akafunga mlango kwa ufunguo. Akamshika kiuno, akamwambia: Mkataba wako uko mikononi mwangu."

Kope la kushoto la Msajili liliruka.

"Mwalimu, una maoni?" mkufunzi aliuliza.

"Sina," alisema Msajili. Akakaa. Akasimama. Akaifunika kalamu, akaifunua tena. Karani alikodolea meza macho, maana kama mtu huyu angenyamaza kwa dakika mbili tu, kazi ilikuwa imekwenda.

"Ila," alisema Msajili, "hiyo 'uko'. Mikononi mwangu ni ndani. Ukishasema 'mwangu', lazima iwe 'umo'. Mkataba wako umo mikononi mwangu."

"Kwa hiyo ni kosa la sarufi tu?"

"Kosa kubwa! Mimi siwezi kusema 'uko'. Nilisema 'umo'."

Mkufunzi, kama mwongozo ulivyomwelekeza, aliandika, kisha akauliza, "Na kingine?"

Hapo ndipo angeweza kujiokoa. Lakini mtu aliyeanza kujikuna upele haachi katikati.

"Siku nayo si sahihi. Jumanne huwa nina kikao, ilikuwa Alhamisi. Na ufunguo ametia chumvi, kitasa kile kibovu tangu zamani. Mlango niliuzuia kwa kiti."

Mkufunzi alifungua ukurasa wa themanini na mbili. "Mfano uliothibitishwa na mhusika mwenyewe, alama zote," alisoma. "Umefaulu, dada. Taarifa ipelekwe ofisini kwa…" Alimtazama Msajili, akawatazama wale wanawake kumi na mmoja, na kwa mara ya kwanza wiki ile akaufunga mwongozo. "Nitaipeleka mwenyewe kwa Mkuu wa Chuo. Sasa hivi."

Karani alitaka kucheka, machozi yakamtangulia. Aliyaacha yatoke.

Mpishi wa bwalo la wanafunzi, mama ambaye hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake kikaoni, alinyoosha mkono.

"Mkufunzi, ngoja kidogo usiondoke. Na wangu bado," alisema. "Nimeandika Jumatatu, stoo ya mchele."

Msajili aliziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Jasho lilikuwa limemlowesha kola, na macho yalikuwa yamemtoka. Wanawake wote walimgeukia wakangoja, na yeye akajikaza, akajikaza, mpaka mkono ukamshuka.

"Unga," alisema. "Ilikuwa stoo ya unga."