Majina Kumi na Matatu

Kazija ndiye aliyemwambia kwanza, Kazija jirani anayeuza vitumbua kiwanjani, alichungulia uani akasema, shoga, umesikia, kesho asubuhi Mwalimu anakuja kwenu kuifungua hirizi ya timu, anataka kuongeza aya kwa ajili ya fainali, kisha akaenda zake na sinia kichwani kama mtu aliyesema mvua itanyesha... na Moza akabaki juu ya mbuzi, kifuu mkononi, akikuna nazi iliyokwisha kunwa, krr, krr, meno yanakwaruza kifuu kitupu, na huko barazani mumewe Mfaume na wenzake wanacheka. Kesho. Mbele ya timu nzima wembe utapita kwenye uzi alioushona yeye, na ndani hawatakuta wino wa zafarani wala aya, watakuta karatasi ya daftari lake la darasa la nne, na majina kumi na matatu kwa penseli, ee Mola nisitiri... Hakukusudia. Ilikuwa Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mimba yake ya huyu Esha ina miezi minne, Mfaume katoka mazoezini kaitupa kaptura ndani ya beseni, naye akaifikicha kwa sabuni mpaka kidole kikagusa kitu kigumu mfukoni, hirizi ya Mwangaza, timu yao, ambayo Mfaume, golikipa, huifunga kiunoni na haitakiwi kuguswa hata na mvua, akaifumua, karatasi imekuwa uji, uji wa manjano vidoleni, na mechi na Mitole ni kesho yake. Angefanya nini? Kiarabu cha Kurani chuoni alikariri tu, kuandika hajui, anajua herufi za shule, basi akaandika alichokuwa nacho moyoni, wachezaji kumi na mmoja wa Mwangaza kuanzia golini, Mfaume, Tawakali, Romani, na wengine mpaka winga wa kushoto, polepole, kama anaandikishwa imla, na lau angeishia hapo... "Shemeji!" Tawakali huyo, kapteni, anaita barazani, "hiyo chai mmeifuata Lindi?" Inakuja, shemeji, akajibu, na sauti haikufika hata mlangoni, sauti yake haifiki kamwe, ndiyo maana hakuna ajuaye. Hakuna ajuaye kwamba ana timu tatu. Kiwanjani hajakanyaga, mpira anausikia kwa juu ya ua, kelele fupi ni kona, ndefu ni goli, kimya ni Mwangaza wamefungwa, na mwaka mzima huu wa kombe la Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kombe la kutawazwa Malkia, ameuhesabu hivyo, Mfungo Tatu Kiswere, kwao, walipowafunga watu wa Lindi mtoto akacheza tumboni mara ya kwanza, Mfungo Saba uchungu ukamshika siku Mitole walipotolewa, mkunga akamwambia jikaze mwanangu, hajui analilia nini. Jina la kumi na mbili ni Huseni, kaka yake, fowadi wa Kiswere, kwa kuwa wamenyonya ziwa moja, na mtu hawezi kumwombea mume asifungwe akasahau kumwombea ndugu asivunjike mguu, na sasa fainali ni hao hao Kiswere, watasema mke wa golikipa ametuuza. Na la kumi na tatu... Klementi. Golikipa wa Mitole, kijana wa misheni, hajamwona kwa macho, kamsikia tu kwa Kazija, kwamba Mfungo Mosi alidaka penalti mbili bega limeteguka, akaona anastahili. Basi. Lakini mume gani atakubali neno basi? Mfaume hajui kusoma, Tawakali ni karani, atasoma kwa sauti, Klementi, jina la mwanamume wa mbali, kwa mwandiko wa mkewe, kiunoni pake miezi tisa... ataachwa, atarudi Kiswere na mtoto wa miezi minne mgongoni. Aiibe aichome? Mfaume atasimama golini kama mtu aliyevuliwa nguo. "Kiswere wale wala ngisi," Tawakali anasema, "wataudaka kwa nyavu huo mpira!" Kicheko. Na Mfaume, "Mimi simwogopi mtu, tangu Mfungo Pili, mechi sita, goli langu halijaguswa, kwa sababu ya hii," akapiga kiuno, pa, Moza akausikia mlio kama kofi la shavuni mwake. Mechi sita. Tangu Mfungo Pili. Lakini ya Mwalimu iliishia kwenye beseni, aliimwaga mwenyewe chini ya mpapai... basi ni nini kilichozuia, si yeye, yeye si mchawi, penseli haidaki mpira, haikuwamo aya wala dawa, ilikuwamo orodha tu, na mtu golini... mikono. Mikono ya Mfaume, yeye mwenyewe, mechi sita, na hajui, na kesho Mwalimu akishaongeza aya yake hatajua mpaka afe. Hofu haikutoka, iligeuka tu upande, kama mtoto tumboni. Chai ilikuwa bado haijachemka. Aliweka kifuu chini.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, kabla Mwalimu hajabisha hodi, Moza alimfuata mumewe kitandani alikokaa, akaweka wembe kiganjani mwake, akasema kwa sauti iliyofika, "Baba Esha, fungua wewe. Mimi nitakusomea, yote kumi na matatu."