Sahihi ya Kaburi la Baba

"Basi wamfukue!" nilimwambia kaka yangu Gaspard. "Alituacha mimi nina miaka tisa, wewe sita. Leo ndiyo nianze kumlinda?"

"Punguza sauti, dada. Watu wanatazama."

"Watazame. Hawalipii."

Tulisimama katikati ya soko la Montferrel, asubuhi ya Novemba yenye ukungu, kati ya muuza jibini na vyungu vya maua ya makaburi vilivyododa tangu sikukuu ya Watakatifu Wote. Gaspard alishika barua ya ofisi ya mji. Miaka thelathini ya kukodi kaburi la baba ilikuwa imekwisha. Watoto wote wawili wasipotia sahihi kabla ya saa sita mchana, kaburi lingerudi kwa mji na mifupa ingepelekwa kwenye shimo la pamoja. Gaspard alishasaini. Nilibaki mimi, niliyetoka Lyon na treni ya alfajiri ili nikatae mbele ya macho yake.

"Na huyo Odile wake? Kakutuma wewe mpole?"

"Hajanituma mtu. Yuko pale, kamwambie mwenyewe. Mdomo si unao!"

Odile ndiye mwanamke ambaye baba alimfuata alipotuacha. Hawakufunga ndoa, kwa hiyo sahihi yake ofisini haikuwa na maana. Nilimkuta kwenye meza yake ya kuuza maboga, akikata moja, mikono imepasuka kwa baridi. Sikumwamkia.

"Unataka nini na kaburi la baba yangu?"

"Lisifukuliwe. Basi."

"Ili uzikwe naye?"

"Pale kuna jina la mama yako, mwanangu. Nalisugua kila mwaka pamoja na la baba yako. Mimi nitajipenyeza wapi?"

Mama alilichongesha jina lile siku ya mazishi, kwa kumkomoa tu huyu mwanamke. Zamu yake mwenyewe ya kufa ilipofika alikataa kulala pale, tukamzika kwao.

Odile alipangusa kisu kwenye aproni. "Mimi wanizike popote. Ila yeye alikuwa haiwezi halaiki ya watu. Hata hapa sokoni alisimama kule pembeni mpaka nimalize kuuza. Msimtie shimoni na watu wote hao."

Hilo sikulijua. Mabinti zangu wawili wanamjua babu yao kwa matusi yangu tu, na mimi mwenyewe sikuwa na jambo lolote la kuwasimulia juu yake, hata dogo kama hilo. Saa ya ofisi ya mji ilionyesha saa sita kasorobo.

"Vua aproni," nilimwambia.

"Na maboga yangu?"

"Gaspard atayaangalia."

"Mimi?" Gaspard aliguta nyuma yangu. "Hata bei siijui!"

"Uliza wateja."

Nilimshika Odile mkono tukavuka uwanja. Ofisini nilitia sahihi bila kuketi, kisha nikamwomba karani fomu nyingine, ile ya kuruhusu mtu asiye wa ukoo azikwe katika kaburi la familia.

"Jina lako kamili," nilimwambia Odile.

Alilitaja kwa sauti ndogo. Nikaliandika kwa herufi kubwa, nikasaini chini yake, nikatoka mbio kumwita Gaspard naye aje asaini kabla hawajafunga.