Weupe wa Utoto

"Shoga, hivi hao vifaranga wako wameanguka kwenye pipa la unga, au ndivyo Mungu alivyowapenda?"

Fundi cherehani wa nyumba ya pili aliuliza hivyo akiwa ameegemea ukuta wa ua, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. Alikuwa mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye, na siku hiyo sababu ya kucheka alikuwa nayo. Mjane alikuwa amechutama katikati ya vifaranga ishirini wa majuma manane, kuku wa mbegu nyeusi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mweusi kweli. Matumbo yao yalikuwa rangi ya maziwa, videvu vyeupe, na kila bawa lilikuwa na ncha nyeupe kama lililochovywa kwenye chokaa.

"Wameanguka mikononi mwa shemeji yangu," mjane akajibu bila kuinua kichwa. "Hawa ni makombo. Yeye kashachagua."

"Pole, shoga. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha. Sasa tungoje."

Marehemu mumewe alikuwa amefuga kuku wale miaka kumi na minne. Hawakuwa weusi wa masizi. Jua likiwapiga walitoa kijani kwa mbali, kama gamba la dundu. Watu walitoka mbali kufuata mayai yao ya kuatamisha, na mayai hayo ndiyo yaliyomlisha mjane na kumpa sababu ya kuamka. Matanga yalipoisha, kaka mkubwa wa marehemu alikuja na tenga tupu begani. Akasema mbegu ni ya ukoo, na mwanamke wa kuolewa hawezi kukaa na mali ya ukoo kama kuku anayeatamia mayai ya bata.

Ungekuwa ugomvi, lakini mama mkwe alikuwapo, na mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache na fimbo moja.

"Jogoo mzazi na makoo wake saba hawatoki bandani," alisema. "Vifaranga arobaini wa mwaka huu mtagawana nusu kwa nusu. Siku ya ukaguzi wa chama, kila mmoja alete kuku kumi aliowalea mwenyewe. Atakayevishiwa pete kuku wengi zaidi, huyo ndiye mwenye mbegu. Na asiniletee mtu kilio mlangoni."

Pete ile ilikuwa kitu kidogo cha bati, kama cha kufungia pazia. Lakini chama cha wafugaji kilimvisha tu kuku aliyetimia rangi, na kuku asiye na pete hakuna aliyetaka mayai yake kwa mbegu.

Shemeji alianza kuchagua kwa kuwa ndiye mkubwa. Alikaa kwenye kigoda, akawashika vifaranga mmoja mmoja, akawaweka upande wake wote waliokuwa weusi kuanzia mdomo hadi mkia. Wenye mabaka aliwasukuma kwa mguu.

Hapo mjane akapatwa na mtihani wa moyo. Alijua jambo ambalo shemeji hakulijua, na kulinyamazia aliona ni kama kuiba.

"Shemeji," akamwambia, "hao weusi watupu usiwachukue wote. Wenye weupe ndio wazuri. Weupe huo ni wa utoto, unaanguka."

Shemeji akacheka mpaka kigoda kikalia. "Shemeji! Unadhani nimezaliwa jana? Unataka nikuachie weusi, mimi nibaki na hawa waliomwagikiwa uji?"

"Nimekwambia mbele ya mama. Haya mengine ni yako."

"Mimi nina macho, shemeji."

Na alikuwa nayo kweli. Alichokosa ni ufagio.

Kwa maana miaka yote kumi na minne, wageni walipokuja, mume ndiye aliyesimama mlangoni akieleza habari za kuku, na mke alikuwa ndani ya banda akifagia. Mume alijua kuku. Mke alijua takataka zao. Aliona kwamba kila mwaka, vifaranga wakitimiza miezi minne mitano, sakafu hujaa manyoya meupe, na bandani hamna kuku mweupe hata mmoja. Yalikuwa meno ya maziwa yale. Aliona pia kwamba baadhi ya wale waliotangulia kuwa weusi watupu, marehemu aliwageuza geuza, akawapulizia shingoni, kisha akawapeleka jikoni bila kusema neno. Siku moja yeye mwenyewe alipulizia, akaona. Juu unyoya ulikuwa mweusi, lakini chini, kwenye shina, palikuwa na rangi ya kutu. Kutu hiyo haianguki. Inapanda na umri, na jogoo akishakomaa inamvaa shingo nzima.

Basi akalea makombo yake. Kila asubuhi, akishasali, aliwatoa mmoja mmoja mlangoni kwenye mwanga, akafungua bawa kama mtu afunguaye kitabu, akapulizia shingo, akamrudisha. Kila mmoja alimfunga uzi wa rangi yake mguuni, vipande alivyopewa na fundi cherehani, ili asimchanganye huyu na yule.

Mwezi wao wa tatu ukapita, weupe upo. Mwezi wa nne ukaingia, weupe upo. Shemeji alikuwa akipita njiani makusudi, akisimama kwenye ua na kuchungulia.

"Shemeji, habari za kanzu nyeupe? Wangu mimi usiku siwaoni, mpaka niwashe taa!"

"Nzuri, shemeji. Salamia nyumbani."

Fundi cherehani ndiye aliyeshindwa kuvumilia. "Shoga, mimi nina kopo la rangi ya viatu. Nyeusi tii. Unapaka, unasugua, nani atajua?"

"Mungu."

"Mungu atakuwa na shughuli nyingi siku hiyo."

"Basi mvua itajua," mjane akasema, na wote wawili wakacheka, ingawa cheko la mjane lilikatika mapema. Siku hiyo alipiga magoti juu ya gunia la pumba. Hakuomba kuku wabadilike, kwa sababu aliona si adabu kumwomba Mungu apake rangi. Aliomba asije akawa amejidanganya mwenyewe miaka yote na ufagio wake.

Mwishoni mwa mwezi wa nne alifungua banda akaona sakafu imekuwa kama mtu amechana mto. Akachota manyoya meupe kwa viganja viwili, akayatazama, akakaa chini palepale kwenye uchafu akamshukuru Mungu kwa sauti, hata makoo wakakimbilia pembeni.

Siku ya ukaguzi ghala la chama lilijaa. Meza ndefu ilisogezwa karibu na dirisha, maana mkaguzi, mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, hakuamini taa. Mama mkwe alikaa mbele, fimbo katikati ya magoti. Shemeji alifika na matenga mawili na kofia mpya.

Mjane ndiye aliyeitwa kwanza. Akamtoa pora wake mkubwa, jogoo mchanga aliyefungwa uzi mwekundu, na watu wakanyosha shingo, kwa kuwa kuku yule alikuwa na shingo iliyotiririka kijani kama mafuta juu ya maji. Mkaguzi akampeleka dirishani. Akapulizia shingo. Akafungua bawa la kushoto. Akafungua la kulia.

Kwenye ncha ya bawa la kulia, unyoya wa mwisho kabisa wa nje, ulikuwa mweupe pe.

"Haya!" Shemeji akapiga paja. "Nilisema mimi! Unga haufichiki!"

Watu wakacheka. Mjane akasogea mezani. "Huo ni wa mwisho kuanguka, baba. Wa nje hungoja wenzake wote. Tazama shinani."

Mkaguzi akamtazama juu ya miwani, kisha akaliinua bawa mpaka karibu na pua. Chini ya ule mweupe, kifuko kidogo cha unyoya mpya kilikuwa kimechomoza, ncha yake nyeusi kama wino. Mzee akaugusa ule mweupe kwa kidole kimoja, bila kuuvuta. Ukadondoka mezani.

"Nani alikufundisha wewe?" akauliza.

"Ufagio, baba."

Mzee hakucheka. Akachukua pete, akaikaza mguuni mwa pora. "Mwingine."

Mwingine akavishwa. Na wa tatu, na wa nne. Kufikia wa saba fundi cherehani alikuwa amesimama juu ya benchi. Wa kumi alipovishwa, fundi alipiga vigelegele vilivyowapeperusha kuku wa watu wengine kwenye matenga yao, na mama mkwe, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akitabasamu mchana, aligonga sakafu kwa fimbo mara tatu.

Shemeji akaletwa mezani. Kwa mbali kuku wake walikuwa weusi kweli, wazito, wa kupendeza. Mkaguzi akampulizia wa kwanza. "Kutu." Wa pili. "Kutu." Wa tatu akapata pete. Wa nne, manyoya ya shingoni yalipofunguka, hata watu wa nyuma waliona wekundu.

"Mzee, pengine ni vumbi la njiani," shemeji akasema.

"Pulizia mwenyewe."

Shemeji akamshika kuku wake, akamsogeza dirishani. Miezi yote ile aliwatazama kwa kusimama mbali, mikono nyuma. Akapulizia mara moja. Akapulizia tena, taratibu, kama mtu apulizaye chai ya moto.

"Shemeji," mjane akamwambia kwa sauti ya chini, "msimu ujao njoo uchukue mayai bandani kwangu. Nitakuchagulia mwenyewe."

"Bandani kwake," mama mkwe akarudia, ili kila mtu asikie. "Umesikia, mwanangu? Kwake."

Shemeji akamweka kuku mezani polepole, akachukua kofia yake, akatoka.