Pai ya Verna

Baada ya ibada ya mavuno, akina mama wa mji wa Tolliver walipanga pai zao kwenye meza ndefu ya ukumbi wa kanisa, kila mmoja akasimama nyuma ya yake. Ukitaka kujua mwanamke ana heshima gani katika mji ule, ungetazama sahani yake imebaki na nini. Za wengine zote zilibaki na makombo tu. Ya Verna Stambaugh ilikuwa nzima, haijaguswa hata ukingoni.

Mumewe, Orville, aliiona tangu mlangoni, aibu ikamshika hadi akatamani ardhi ipasuke immeze. Kosa lilikuwa lake. Kila Alhamisi jioni mji mzima ulitega sikio kusikiliza kipindi chake redioni, mume na mke wakizozana jikoni. Sauti ya mke ilikuwa ya mwigizaji, lakini nani asiyejua anayesemwa ni Verna? Wiki ile vichekesho vilimwishia, akabuni pai ngumu iliyomng'oa mchungaji jino, na mbwa akakizika kipande chake uani. Uongo mtupu! Pai za Verna ni za kujiramba vidole, na mlafi wa kwanza ni Orville mwenyewe.

"Dada Verna, mimi meno yangu bado nayapenda," alisema Hazel Krebs, mke wa kinyozi, na meza nzima ikaangua kicheko. Verna naye akacheka, huku akikifuta kisu ambacho hakikuwa kimekata kitu.

Orville akashindwa kuvumilia. Akapanda juu ya kiti.

"Jamani, nisikilizeni! Ile pai niliitunga tu. Mke wangu anawashinda wote humu ndani. Muongo ni mimi!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko.

"Jana usiku mkewe kamlaza kwenye kochi huyu!"

"Kaka Orville, umetishwa kwa mwiko, au nini?"

Kadiri alivyoapa, ndivyo walivyozidi kujishika mbavu. Akashuka, akakata kipande, akakila mbele yao machozi yakimlengalenga, na mchungaji akapaza sauti, "Tazameni, jino hilo linatoka!" Orville hakuwa na sauti nyingine ya kusemea ukweli. Alikuwa na hiyo hiyo moja ya kuchekeshea, na walikwisha kuizoea.

Wakati wa kurudi nyumbani Verna aliipakata pai garini, imefunikwa kwa kitambaa.

"Nisamehe, mke wangu. Alhamisi nitawaambia redioni kwamba…"

"Na nani atakuamini, Orville?" Akakinyoosha kitambaa. "Sema tu niliiangusha kwenye ngazi za kanisa, ngazi zikavunjika. Hiyo wataicheka."

Kichekesho kilikuwa kizuri kweli. Kabla hajajizuia, Orville akacheka.

Verna akageukia dirishani, akaivuta pai karibu na tumbo lake.