Mzinga Uliofunikwa

Mwalimu Asnath aliikwepa hadithi moja ya kitabu cha mtihani muhula mzima, na sababu ilikuwa mwanafunzi wake Yustina. Hadithi yenyewe inamhusu mrina asali anayemuua mwenzake chini ya mti wa mizinga. Na baba yake Yustina yuko mahabusu Dodoma kwa kumpiga nduguye hadi kufa, naye huko huko kwenye mizinga, msituni nyuma ya Kintinku. Tangu serikali iiachie huru biashara ya asali, wanunuzi wakaanza kuja na magari yao, ndugu wale walikuwa hawaelewani. Kijiji kizima kilisema alimvizia. Binti akaamini, akakataa hata kwenda kumwona.

Lakini mtihani hauna huruma. Hadithi ikasomwa.

"Haya, semeni. Muuaji huyu moyoni ana nini?" Asnath aliuliza huku akimtupia jicho Yustina. Mtoto akitoka nje leo, ndiyo basi tena. Alishatoroka shule mara moja kwa maneno ya watu.

"Kichaa, mwalimu!" Gasto alidakia. "Kapandwa na mashetani!" Darasa likaangua kicheko.

"Kaa chini, Gasto! Hayo mashetani yako yameandikwa ukurasa gani?"

Ndipo Yustina akasimama. Loh! Mtoto ambaye hajafungua mdomo darasani tangu Januari.

"Huyu si kichaa," alisema. "Someni pale mwenzake ameshakufa. Anapanda tena mtini. Anawabakizia nyuki masega, anafunika mzinga, anashuka taratibu."

"Sasa?" Gasto aliuliza, safari hii bila mzaha.

"Sasa nini! Kwenu hawarini? Unawabakizia ili wasihame, urudi msimu ujao. Mtu ana damu mikononi, anawaza msimu ujao! Hasira hana huyu. Alishamuua mwenzake moyoni kabla hawajatoka nyumbani. Kinachotisha ni kwamba ametulia."

Vitabu vilifunuliwa upya, kila mtu akitafuta pale mzinga unapofunikwa. Asnath alikuwa amefundisha hadithi hii miaka na miaka, na sentensi ile alikuwa anaipita tu. Akamtazama binti aliyevaa sweta ya mtumba iliyompwaya mabegani, akajisikia fahari mpaka mwili ukamsisimka. Huyu anasoma, jamani. Wengine tunapitisha macho.

Yustina hakuketi. Alikuwa bado ameukodolea macho ukurasa.

"Mwalimu, wa kwetu ulikutwa wazi."

"Nini kilikutwa wazi, mwanangu?"

"Mzinga. Nilikwenda na mama kesho yake. Kifuniko kilikuwa chini, masega yamekanyagwakanyagwa, nyuki wameshahama. Na baba hajawahi kuacha mzinga wazi, hata mvua imkute juu ya mti." Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hakuyafuta. "Kumpiga baba mdogo, alimpiga. Lakini hakwenda pale kuua. Nimeuona ule mzinga kwa macho yangu, halafu nikaamini maneno ya watu."

Gasto aliinamisha kichwa. Asnath alikwenda akamshika binti begani.

"Unataka nini, Yustina? Sema."

"Naomba ruhusa niende Dodoma, mwalimu. Siku ile wanamchukua, baba alinitazama akisubiri. Sikumpa shikamoo."