Sakafu ya Kidato cha Tatu

Muuza mayai ndiye aliyeuleta uvumi saluni, asubuhi, nusu ya kichwa chake ikiwa imesukwa na nusu imefumka.

"Shuleni kwa watoto wetu kuna mwalimu mpya," alisema. "Anakuja Alhamisi. Anawafundisha kidato cha tatu magonjwa ya akili, na watoto wanayapata."

"Hesabu wanafundishwa tangu chekechea," alisema Mama Msusi. "Mbona hawajaipata?"

Wanawake walicheka. Mama Msusi naye alicheka, akaendelea kusuka. Lakini uvumi haukumtoka. Uling'ang'ania kama unyoya kwenye mkono uliolowa: ukiutoa kidole hiki, unanasa kidole kile. Binti yake alikuwa kidato hicho hicho. Alikuwa kitinda mimba, na nyumbani walimwita hivyo hivyo, Kitinda.

Jioni ile, akifua sketi ya shule, aliona pindo limeshika saruji.

"Wewe umekaa wapi leo?"

"Darasani, mama. Kiti changu kinazama."

"Kinazama wapi?"

"Sakafuni."

Mama alisugua pindo kwa brashi. "Si umwambie mkuu wa shule akubadilishie kiti."

"Nimeshabadilishiwa. Si kiti."

"Basi kaza moyo, mwanangu. Kuna wenzako wanazama kuliko wewe na wala hawasemi."

Kitinda alisema sawa, akaenda kulala bila kula. Siku hizi hakuwa na hamu ya chakula. Alikuwa ameacha pia kuimba akioga, na mpira wake ulikuwa uvunguni, umeishiwa upepo.

Alhamisi Mama Msusi alifunga saluni mapema akaenda shuleni kujionea.

Darasa la kidato cha tatu lilijulikana kwa sakafu yake. Kila likizo ndefu kila familia ilileta mfuko wa saruji, na sakafu ikamwagwa upya juu ya ile ya zamani. Kwa hiyo mtu alipanda ngazi kuingia, wavulana warefu waliinama mlangoni, na madirisha yalikuwa usawa wa magoti ya waliokaa. Hakuna aliyekumbuka desturi hiyo ilianza lini. Ilisemwa tu kwamba hakuna shule yenye sakafu imara kama ile.

Mama alisimama nje, akachungulia. Wengi walikaa kawaida. Viti vichache vilikuwa vimezama, kimoja hadi kwenye egemeo, na waliokalia hivyo waliandika mikono ikiwa juu, kama watu wanaoandikia ukutani.

Mwalimu wa Alhamisi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kawaida tu.

"Huzuni ya msiba ina njia yake ya kuondoka," alikuwa akisema. "Kuna nyingine haiondoki. Inakula usingizi, inakula hamu, inakufanya ujione mzigo kwa watu. Huo ni ugonjwa, kama homa. Haukemewi, unatibiwa. Mwenzako akikwambia, usimwambie pole yataisha halafu ukakimbilia foleni ya chakula. Kaa naye. Muulize. Na akisema anataka kufa, hiyo si siri ya kutunza. Tafuta mtu mzima."

"Mtu mzima akicheka?" aliuliza kijana wa nyuma, ambaye sakafu ilimfika kiunoni.

"Tafuta mwingine."

"Wakiisha?"

Mwalimu alifikiri. "Watakuwa hawajaisha," alisema. "Nitakuwa nimebaki mimi."

Kisha alichuchumaa kando ya Kitinda. Aliuliza kwa sauti ile ile aliyofundishia:

"Unawaza kufa?"

"Ndiyo," alisema Kitinda.

Mwalimu alikaa chini. Akaweka kiganja mgongoni kwa yule binti, na Kitinda akazungumza mpaka kengele ikalia. Alipomaliza, kiti kilikuwa kimepanda upana wa kidole. Kilitoa sauti kama ya kizibo. Pale dirishani, Mama Msusi alishika nondo kwa mikono miwili, akasogeza uso karibu.

Kikao cha wazazi kiliitishwa wiki ile ile.

"Niwaulize," alisema mkuu wa shule. "Kabla ya somo hili, kuna mtoto aliyewahi kulalamika kwamba anazama?"

Hakuna aliyewahi kusikia.

"Mmeona wenyewe."

"Lakini wangu alipoulizwa alipanda," alisema Mama Msusi. "Nimeona kwa macho yangu."

"Shoga yangu," alisema muuza mayai, kwa upole, maana alimpenda, "asingeulizwa, asingejua kama anataka kufa."

Watu waliguna kukubali. Kipindi cha Alhamisi kikapewa fizikia.

Mama Msusi hakuondoka. Alisimama ofisini mpaka mkuu akachoka naye, akamwita fundi achimbe kando ya kiti cha binti yake. Fundi alichimba kwa patasi na nyundo. Chini kidogo alikuta egemeo la kiti kingine. Lilikuwa limevishwa sweta la shule, rangi imepauka, vifungo vyote vimefungwa. Chini yake palikuwa na sakafu nyingine, na katika sakafu hiyo egemeo jingine.

"Ndiyo maana nondo za sakafu hatujawahi kuhitaji," alisema fundi.

Mkuu aliinama, akatazama. "Kumbe ndiyo uimara wenyewe," alisema. "Fukia."

Mwalimu wa Alhamisi alikutana na Mama Msusi getini, akiwa na mkoba wake. Alikuwa amehamishiwa mbali.

"Usimwache peke yake," alimwambia. "Muulize kila siku. Na mpeleke hospitali, mama. Dawa zipo, na watu wa kuzungumza naye wapo."

Mama alikwenda hospitali. Daktari wa mambo hayo alikuja mara moja kwa mwezi, na mwezi huo hakuja. Nesi alimwambia amlete binti mwezi ujao. Mwezi uliofuata Kitinda alikuwa ameshikwa miguu na sakafu, hatoki darasani. Walimu waliona si vibaya sana, kwa sababu angalau hakosi vipindi. Mama alipeleka ujumbe wake hospitali bila mgonjwa, wakamwambia mgonjwa mwenyewe ndiye anayetakiwa.

Basi kila alasiri alifunga saluni, akaenda darasani, akapiga magoti, akamsuka Kitinda nywele, maana ndizo zilizokuwa karibu. Alimuuliza. Kitinda alijibu. Kiti kikapanda kidole. Asubuhi walimu walipita na kusema kaza moyo, mtihani uko karibu, naye akashuka viwili. Mtihani aliufanya kidevu kikiwa sakafuni. Alifaulu, na jina lake likasomwa mstarini.

Likizo ilipofika, mifuko ya saruji ikaanza kuingia. Mama Msusi hakupeleka wake. Jirani mmoja, kwa kumwonea huruma, alipeleka miwili.

"Mama, sogea," alisema fundi, ndoo mkononi.

"Mwanangu yumo humu."

"Najua, mama. Wa kwangu alikuwa kule kwenye kona. Sogea, inakauka."

Aliposhindwa kumsogeza mama, fundi alimwaga saruji kumzunguka.

Sakafu mpya ilitoka laini. Katikati ya mstari wa pili kuna ncha ya msuko imetokeza. Wanafunzi wamezoea, wanairuka. Mama Msusi huja kila Alhamisi, hukaa chini, huipaka mafuta na kuuliza lile swali. Ikisubiriwa, ncha hupanda kidogo, kisha huvutwa chini kidogo. Muhula huu ilipanda hadi ikazidi urefu unaoruhusiwa na kanuni za shule, na mkuu akaagiza ikatwe. Ilikatwa. Inaota tena.

Kwa hiyo mwenye mtoto shuleni aepuke haya:

Asimwambie akaze moyo.

Asimpigie mfano wa wenzake walionyamaza. Hajui wako wapi.

Asifue pindo lenye saruji akaishia kwenye pindo.

Asiogope kumuuliza kama anawaza kufa. Swali halimzamishi mtu.

Asingoje mwezi ujao wakati mtoto bado anaweza kutembea. Ambebe, ampeleke hata hospitali ya mbali.

Asikubali kipindi kile kipewe fizikia.

Asipeleke saruji.