Kiazi Kisicholiwa

Msusi alikuwa na mikono mizuri na magoti mabovu. Mikono ilimlisha, magoti aliyatuliza kwa mzizi aliouchimba mwenyewe msituni, nyuma ya nyumba. Kiangazi mmea huo ulikauka hadi ungedhani umekufa. Mvua za kwanza zikinyesha, ulichipua upya kutoka kwenye kiazi chake, ukaparamia vichaka na kutoa maua mekundu yenye kingo za njano, kama ndimi za moto. Kiazi alikitwanga akajipaka. Wateja wenye chawa aliwaosha kwa maji yake, kama mama yake alivyofanya, na hakuchoka kuwaambia: "Fumba macho, funga na mdomo. Hii ni ya nje tu."

Wateja wote aliwaonya. Mkwe wake hakumwonya.

Mkwe huyo, mke wa mwanawe dereva wa lori, alikuwa bado mgeni nyumbani. Msusi alimpachika jina Bi Haraka, maana alifagia kabla vumbi halijatua. Hawakuwa wamezoeana, mazungumzo yao yaliishia kwenye salamu na chumvi. Basi siku moja, msusi akiwa saluni, Bi Haraka alitaka kumfurahisha mama mkwe. Akakuta viazi kwenye kikapu kando ya jiko, akavimenya, akavibandika motoni. Akaonja kipande. Kichungu. Akaongeza chumvi, akaonja tena.

Alasiri msusi alimkuta amejikunja mlangoni, anatapika, tumbo linamwendesha. Macho yake yakaangukia maganda kwenye ndoo, akajua kilichopikwa. Aliita bodaboda, akayafunga maganda kwenye mfuko, akachuma na ua moja, wakaondoka.

"Amekula nini?" daktari aliuliza.

Njiani msusi alikuwa amefikiria kusema ni chakula kilicholala. "Dawa yangu ya magoti," alisema. "Ni sumu ikiliwa. Alidhani ni viazi." Akaweka mfuko mezani.

Daktari aligeuza lile ua mkononi. "Umefanya vizuri kuja nalo. Sasa tunajua tunapambana na nini." Wakati wauguzi wanatundika dripu, akamweleza kwamba hali itakuwa ngumu, na kwamba mgonjwa akipona, nywele huenda zikanyonyoka, ila zitaota tena.

Bi Haraka aliugua vibaya, kisha akapata nafuu. Aliporudi nyumbani, nywele zikaanza kuja na kitana, mafungu kwa mafungu, mpaka kichwa kikabaki kitupu. Hapo mtaa ukapata la kusema: msusi kamlisha mkwe wake sumu. Wateja wakapungua. Msusi alishinda akipangusa vioo visivyo na vumbi, akiwaza kufunga saluni.

Asubuhi moja Bi Haraka alivua kitambaa cha kichwani, akaenda saluni kukaa kiti cha mbele kabisa, kichwa wazi. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akachungulia.

"Pole, dada. Eti ni kweli mama mkwe wako..."

"Kweli kabisa, ndiye aliyeniokoa," Bi Haraka alimkatiza. "Nilipika dawa bila kuuliza. Ningeuliza, leo ningekuwa na nywele. Ingia basi, wewe unazo."

Yule mwanamke akacheka bila kutaka, akaingia. Msusi aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta kitana.

Walipobaki wawili, aliuliza, "Mwanangu, mbona siku ile hukuniuliza?"

"Nilikuwa nakuogopa, mama."

"Nami nilikuwa nakuogopa wewe. Unafanya kila kitu kabla sijafungua mdomo."

Msusi alivitoa viazi vyote nyumbani, magoti akayapeleka kliniki. Kwa chawa alinunua dawa dukani. Mmea hakuung'oa. Alimpeleka mkwe wake msituni, akamwonyesha majani ambayo ncha zake hujikunja kushika matawi, ili popote atakapouona autambue.

"Mbona zuri hivi?" Bi Haraka aliuliza, ameinamia ua.

"Zuri. Liache hapo hapo."

Waliporudi saluni, msusi alipitisha kiganja juu ya kichwa cha mkwe wake. Kilikwaruza.

"Zinaota," alisema.

"Utanisuka lini, mama?"

"Subiri kwanza zirefuke."

"Mimi nisubiri?"

Wakacheka wote. Kisha msusi akamsogezea mkwe wake kiti karibu na mteja aliyekuwa akingoja, akampa kitana, akaanza kumfundisha kugawa nywele.